Uanagenzi na kazi katika vifaa tiba na mawasiliano ya kitabibu: mwongozo wa anayeanza

Ukiingia karakana ya vifaa tiba, utazikuta mashine zimepangwa kando ya ukuta, na nyingi zimebandikwa kipande cha plasta ya wodini kilichoandikwa neno moja kwa kalamu: MBOVU. Tarehe hakuna, jina la aliyeileta hakuna, wala hakuna anayesema ilikuwa inafanya nini ilipogoma. Nilipoanza uanagenzi nilikabidhiwa mashine ya kufyonza yenye plasta kama hiyo. Nikaifungua yote, mota nje, vali nje, siku nzima ikaisha. Kumbe ilikuwa nzima. Mfuniko wa chupa yake ulikaa upande, hewa inapenya. Aliyeileta angeandika "haivuti" badala ya "mbovu", ningeanzia kwenye mfuniko na mipira, na ingerudi kwa wagonjwa ndani ya dakika kumi.

Tangu siku ile kazi mbili ambazo wengi huzitenganisha mimi naziona kama moja: kutunza vifaa tiba, na kuyafanya mambo ya tiba yaeleweke kwa michoro, picha, video na maandishi. Mashine ambayo mtumiaji wake haielewi inaweza kuua hata kama kila waya uko mahali pake. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa wasiopungua sita, Marekani na Kanada, kwa dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Kasoro ilikuwa kwenye programu. Lakini skrini ilitoa ujumbe, neno la hitilafu na namba 54, na kitabu cha mwendeshaji hakikueleza namba ile ina maana gani. Mwendeshaji alishazoea mashine kulalamika kila siku, akabonyeza kitufe cha kuendelea.

Kwa hiyo popote utakapoelekea kati ya pande hizi mbili, jifunze kidogo cha upande wa pili.

Hatua ya 1: Jua unakotaka kwenda

Upande wa vifaa, wapo mafundi wa karakana za hospitali, wapo wahandisi wanaopanga ununuzi na kupima hatari, na wapo mafundi wa kampuni wanaozunguka hospitali hadi hospitali wakihudumia mashine za aina moja. Siku hizi pia kuna mafundi wa mifumo, wanaohakikisha picha ya CT (eksirei inayoonyesha mwili vipande kwa vipande) inatoka kwenye mashine na kufika kwenye kompyuta ya daktari. Ukielekea huko utaishi na viwango viwili, DICOM cha picha za kitabibu na HL7 cha kubadilishana taarifa za wagonjwa kati ya mifumo, kwa hiyo anza kuvizoea mapema.

Upande wa mawasiliano, wapo wachoraji wa kitabibu, wapiga picha wa hospitali, watengeneza video na uhuishaji, waandishi wa miongozo, na wanaosimamia kamera na sauti kwenye vyumba vya upasuaji na mikutano ya tiba kwa njia ya mtandao. Fani hii si ngeni. Mwaka 1911 Johns Hopkins, mjini Baltimore, ilianzisha idara ya sanaa kwa ajili ya tiba chini ya Max Brödel, mchoraji kutoka Ujerumani. Msimamo wake ulikuwa kwamba mchoraji auelewe mwili kwanza, ndipo penseli iguse karatasi. Hadi leo shahada za uzamili za fani hii hutolewa na vyuo vichache tu, vikiwemo Johns Hopkins, Chuo Kikuu cha Toronto na Chuo Kikuu cha Illinois Chicago, na mwombaji hutakiwa kuonyesha vyote viwili: masomo ya sayansi na jalada la michoro.

Katikati yuko mtu ambaye vijana wengi hawamjui: mkufunzi wa matumizi. Mashine mpya ikifungwa, yeye ndiye anayekaa na wauguzi na madaktari mpaka waimudu. Kama una mikono ya fundi na ulimi wa mwalimu, ifikirie nafasi hii kwa uzito.

Ukishindwa kuchagua, jipime hivi. Tafuta kifaa kidogo kilichokwisha kazi, kipima joto au kipima presha cha betri. Kifungue, elewa kinavyofanya kazi, kifunge. Kisha kichoree mwongozo wa ukurasa mmoja. Sehemu iliyokusahaulisha saa ndiyo inayokuita.

Hatua ya 2: Jenga msingi mpana

Usikimbilie mashine kubwa. Mwaka 2010 watafiti Malkin na Keane walichapisha uchambuzi wa maombi ya matengenezo kutoka hospitali zenye uwezo mdogo, wakaona kwamba karibu theluthi mbili ya mashine zilizolala zingeweza kufufuliwa kwa ujuzi wa kawaida tu: umeme, makanika, vyanzo vya nguvu za umeme, mabomba, mota, na kufunga mashine na kuwafundisha wanaoitumia. Mwaka uliofuata, Perry na Malkin walikadiria kuwa asilimia 38.3 ya vifaa walivyovikagua katika nchi zinazoendelea vilikuwa havifanyi kazi. Ziweke namba hizo mbili pamoja utaona nafasi yako iko wapi. Sehemu kubwa ya kazi inayosubiri mtu ni fyuzi, waya uliokatika ndani ya ganda, betri iliyochoka, chujio lililoziba, na mtumiaji ambaye hakuwahi kuonyeshwa.

Kwa hiyo: jifunze kutumia multimita, kipimo cha umeme cha mkononi, mpaka mkono uwe mwepesi. Jifunze kulehemu. Jifunze kusoma mchoro wa saketi. Halafu rudi kwenye mwili wa binadamu, maana hapo ndipo fundi wa vifaa tiba anapoachana na fundi wa redio.

Chukua oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni. Ndani kuna taa mbili, moja nyekundu ya nanomita 660 hivi na nyingine ya infraredi ya nanomita 940 hivi. Damu iliyobeba oksijeni hunyonya zaidi infraredi. Isiyobeba hunyonya zaidi nyekundu. Kifaa hulinganisha mwanga unaopita pale mshipa unapopiga, na kutokana na uwiano huo hutoa asilimia ya oksijeni iliyobebwa na damu. Ukilielewa hilo, hutashangaa kuona namba za ajabu kwa mgonjwa mwenye mkono wa baridi, aliyepaka rangi ya kucha au anayetetemeka. Utakitazama kidole kabla ya kugusa bisibisi. Nimeona wanagenzi wakibadilisha sensa tatu mfululizo na tatizo likawa ni rangi ya kucha.

Maarifa ya bure yapo tele. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfululizo wa vitabu kuhusu vifaa tiba, na humo kuna kimoja cha orodha ya vifaa na kingine cha mpango wa matengenezo. Soma hivyo viwili kwanza. Tovuti ya Frank's Hospital Workshop ina mafunzo na vitabu vya mashine nyingi. Tovuti ya iFixit, ya miongozo ya kutengeneza vitu, nayo ilifungua maktaba ya miongozo ya vifaa tiba mwaka 2020. Karibu vyote ni vya Kiingereza, kwa hiyo kaa na daftari la msamiati tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Tengeneza jalada kabla ya kuomba

Wasifu unasema ulisoma nini. Jalada linaonyesha unaweza nini, na mkuu wa karakana analiamini jalada zaidi. Vitu vitatu vinatosha: ripoti moja ya matengenezo, mwongozo mmoja wa ukurasa mmoja, na mchoro au picha moja iliyopigwa vizuri ya sehemu ya mashine, iliyoandikwa majina ya sehemu zake.

Kwenye mwongozo ndiko wengi huanguka. Mwanagenzi mmoja aliniletea maelekezo ya kusafisha mashine ya kuzalisha oksijeni. Aliandika: "Hakikisha usafi wa chujio unazingatiwa mara kwa mara ili kuimarisha ufanisi wa kifaa." Nikamuuliza, mdogo wangu, anayesoma hapa afanye nini kwa mikono yake? Akakaa, akaandika upya:

"Kila wiki: Zima mashine. Vuta chujio la sponji lililo ubavuni. Lioshe kwa maji na sabuni laini. Likamue, likauke kabisa. Lirudishe. Usiwashe mashine bila chujio."

Soma matoleo yote mawili kwa sauti utasikia tofauti. Sentensi moja, tendo moja, kwa mfuatano wa mikono. Halafu mpe mtu asiyeijua mashine ile, simama pembeni, usimsaidie. Pale atakaposita ndipo pa kusahihisha.

Jalada lisiwe na sura ya mgonjwa, jina la mgonjwa, wala karatasi ya wodi iliyojitokeza nyuma ya picha. Kagua pembe zote nne za kila picha.

Hatua ya 4: Omba nafasi kwa kutoa kitu

Pa kuomba ni pengi kuliko watu wanavyodhani: karakana za hospitali, kampuni zinazouza na kufunga mashine, watengenezaji, maabara kubwa, idara za picha na video za hospitali za kufundishia, studio za michoro ya kitabibu, na mashirika yanayopokea na kukagua mashine za msaada. Ukiweza kufika mwenyewe, fika. Mtafute mkuu wa karakana au wa kitengo. Ofisi ya utumishi mara nyingi haijui karakana inahitaji nini.

Barua iwe nusu ukurasa. Badala ya kuandika "naomba kujifunza", sema utakachofanya. Kitu ambacho karibu kila karakana inakihitaji na haina muda nacho ni orodha ya vifaa iliyohuishwa. Andika hivi:

"Mheshimiwa, naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane. Pamoja na kazi nitakazopangiwa, naomba nihuishe orodha ya vifaa vya wodi mbili: jina la kifaa, mtengenezaji, modeli, namba ya usajili, mahali kilipo, hali yake na tarehe ya mwisho ya kukaguliwa. Naambatanisha ripoti moja na mwongozo mmoja nilioandika."

Orodha hiyo ni darasa kuliko inavyoonekana. Ukipita kifaa kwa kifaa, kwa wiki mbili utakuwa umeshika kila mashine ya wodi, umejua jina lake na umefahamiana na kila muuguzi anayeitumia. Wanaokwenda moja kwa moja kwenye meza ya kulehemu huchukua miezi kufika hapo.

Jambo moja usilisubirishe: chanjo ya homa ya ini B. Ratiba ya kawaida ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Ukingoja barua ya kukubaliwa, utaanza kazi huna kinga kamili. Ulizia na pepopunda pia.

Hatua ya 5: Wiki za kwanza, usalama wako na wa mgonjwa

Kila mashine inayotoka wodini ichukulie kuwa ina maambukizi mpaka uisafishe mwenyewe. Glavu kwanza, dawa ya kuua vijidudu, ndipo bisibisi.

Mashine ya kushtua moyo na ya eksirei zina kapasita zinazoweza kubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomoa plagi. Mwanagenzi hafungui hizo peke yake, hata akiambiwa "ni dakika mbili tu". Kwenye vali na mipira ya oksijeni, mafuta na grisi ni mwiko, kwa sababu oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta huweza kuwaka. Na mashine iliyounganishwa na mgonjwa haiguswi mpaka mhudumu wake akuruhusu.

Kisha jifunze kupima usalama wa umeme, maana hapo ndipo msimamizi ataanza kukuamini. Unapima ukinzani wa waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na unapima mkondo unaovuja. Kiwango cha kimataifa IEC 60601-1 kinaruhusu, katika hali ya kawaida, mkondo wa kugusa ganda usiozidi mikroampea 100. Kwa sehemu zinazoweza kufika kwenye moyo moja kwa moja, mkondo unaovuja kwa mgonjwa usizidi mikroampea 10. Sehemu hizo utazitambua kwa alama ndogo ya moyo ndani ya mraba. Mikroampea 10 ni mkondo ambao kidole chako hakiwezi kuuhisi kabisa, na ndiyo sababu "nimeigusa, haina shoti" si kipimo.

Namna ya kuuliza nayo ni ufundi. Ukifika wodini ukasema "Mmeifanya nini hii mashine?" utajibiwa "Hatujaifanya chochote", na hapo umefunga mlango. Anza hivi: "Sista, pole na kazi. Mara ya mwisho ilifanya nini hii?" Atakwambia: "Ilikuwa inalia tu, nikiizima na kuiwasha inatulia, halafu inalia tena tukimgeuza mgonjwa." Hayo maneno ya mwisho, tukimgeuza mgonjwa, yanakupeleka moja kwa moja kwenye kebo inayovutika. Sista amekufanyia nusu ya kazi, na ulichotoa ni heshima.

Hatua ya 6: Ripoti

Ningepewa nafasi ya kufundisha mwanagenzi jambo moja tu, ningemfundisha hili. Ripoti ina mambo matano: kilicholalamikiwa, kilichokutwa, kilichofanyika, kilivyopimwa, kilichobaki. Mfano:

"Lalamiko: pampu ya dripu inalia 'hewa kwenye mpira' wakati hakuna hewa. Kilichokutwa: sensa ya hewa imegandwa na dripu iliyokauka. Kilichofanyika: nimesafisha sensa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nimekausha. Kipimo: nimeiendesha kwa mililita 60 kwa saa, baada ya dakika 30 imetoa mililita 29.6. Nimeingiza kipovu cha hewa makusudi, imelia. Kilichobaki: kitasa cha mlango kimelegea, kipuri kiagizwe. Nimemwonyesha muuguzi wa zamu namna ya kufuta sensa."

Iangalie ile sehemu ya kipimo. Anayeandika "imetengenezwa, inafanya kazi" amemwachia mwenzake neno tupu kama lile la MBOVU. Anayeandika mililita 29.6 kwa dakika 30 amemwachia ushahidi. Na kile kipovu cha hewa ni lazima: king'ora kilichokuwa kinalia ovyo, ukikinyamazisha bila kuhakikisha kwamba bado kinalia inapopasa, umetengeneza hatari.

Lugha iwe ya wazi, na mtu asilaumiwe kwenye ripoti. "Waya umekatika karibu na plagi" inatosha. Nani aliuvuta si kazi yako kuandika.

Hatua ya 7: Ukishika kamera au penseli

Mgonjwa hupigwa picha kwa ridhaa iliyoandikwa, na ridhaa zina ngazi: ya jalada lake la matibabu, ya kufundishia, na ya kuchapishwa hadharani. Aliyekubali ya kwanza hajakubali ya tatu. Simu yako binafsi isihusike. Na usidanganyike kwamba kuziba macho kwa mstari mweusi kunamficha mtu. Ndugu zake watamjua kwa mdomo, kovu au mkono.

Kwa upande wa ufundi, picha ya leo ilingane na ya mwezi ujao: umbali ule ule, mwanga ule ule, usuli mtupu, rula ndogo kando ya kidonda. La sivyo daktari hatajua kama kidonda kimepungua au ni kamera iliyosogea nyuma.

Mchoraji naye akumbuke kwamba kulia na kushoto ni vya mgonjwa. Moyo unaoutazama kwenye karatasi, upande wake wa kulia uko kushoto kwako. Najua linaonekana dogo. Lakini mchoro uliogeuzwa huingia kwenye somo, somo likaingia kichwani, na siku ya chumba cha upasuaji hakuna anayekumbuka lilitoka wapi.

Hatua ya 8: Usaili, vyeti na ajira

Swali litakalokuja kwa sura moja au nyingine ni hili: ventileta, mashine ya kumpumulia mgonjwa, imegoma usiku na mgonjwa yuko kitandani, unaanza na nini? Jibu ni mgonjwa. Wahudumu wampe hewa kwa mfuko wa mkono, ventileta ya akiba iletwe, na wewe uitoe ile mbovu. Uchunguzi unafuata baadaye, mbali na kitanda. Watahini wengi wanatafuta hilo kabla ya ujuzi wowote wa saketi.

Vyeti vinasaidia, ila kwa wakati wake. Kwa mafundi, kinachojulikana zaidi kimataifa ni CBET, cheti cha fundi wa vifaa tiba cha AAMI, chama cha Marekani cha vifaa tiba, nacho hudai uzoefu wa kazi. Wanaoanza wana ngazi yao, CABT. Kwa wachoraji kuna CMI, cheti cha mchoraji wa kitabibu. Mafunzo ya watengenezaji, ya siku chache au wiki kwa mashine moja, mara nyingi hufungua mlango wa ajira haraka zaidi, na hospitali au kampuni ndiyo hukupeleka. Ukiwa mwanagenzi, ukisikia mtengenezaji anakuja kufunga mashine, omba kumshikia tochi. Ni darasa usilolipia.

Hatua ya 9: Wiki ya mwisho

Usiondoke kimya. Andika ukurasa mmoja wa makabidhiano: mashine zilizofunguliwa na hazijafungwa, skrubu zake ziko kwenye kikopo gani, vipuri vilivyoagizwa, wodi zilizoahidiwa kitu. Kila mashine uliyoiacha kando ya ukuta ivue ile plasta ya MBOVU, uibandike kadi yenye tarehe, lalamiko, ulichojaribu na jina lako. Hesabu bisibisi na msimamizi wako, rudisha funguo, futa picha zote za kazi zilizobaki kwenye vifaa vyako.

Kisha omba barua, na uiombe kwa kuitaja kazi yenyewe: "Mkuu, naomba uandike kwamba nimehuisha orodha ya wodi mbili, nimepima usalama wa umeme, na nimeandika miongozo mitatu inayotumika." Mpe na nakala ya ripoti zako azione anapoandika. Kabla ya kutoka, pita wodini uwaage masista, na utazame kama ule mwongozo ulioubandika ukutani bado upo na kama umechakaa kwa kushikwa. Ukikuta mtu ameongeza mstari kwa kalamu, unakili.